Petroli ya Muhogo

Uhuru ulikuwa bado mchanga mvua ilipokata barabara ya Homa Bay, na petroli haikufika tena Magunga. Mashine yetu ya kusaga ilitumia mafuta ya taa, lakini bila petroli kidogo ya kuiamsha haikuwaka. Wanawake wakarudi kwenye mawe ya kusagia, viganja vikachubuka.

Mimi na mume wangu tulikuwa Wasabato. Pombe hatukuigusa. Lakini jirani yangu, Mkatoliki, alipika chang'aa, ile pombe kali ya mvuke, na nilishawahi kuiona ikishika moto. Nikamwendea.

"Hii kitu yako inaweza kuwasha injini?"

"Ikipikwa mara moja ina maji mengi," akasema. "Tuipike mara mbili, tuone."

Tulichemsha muhogo mpaka ukawa uji mzito wa kukwamisha mwiko. Ulipopoa kidogo akaumwagia thowi, kimea cha wimbi alichokiotesha, akakianika na kukisaga. Akanionya kwamba uji ukiwa wa moto sana, kimea kinakufa. Nilikoroga nikiona kwa macho yangu uji ukilegea kama maji. Nikaonja: mtamu! Kimea kilikuwa kimeugeuza wanga kuwa sukari. Tukauacha uchachuke, kisha tukauchemsha na kuupoza mvuke wake ukawa matone, mara mbili.

Mume wangu alijaza maji ya moto kwenye injini ipate joto, akatia ile spiriti, akazungusha mkono wa chuma. Ikakohoa, ikazima. Alipozungusha tena ikanguruma, na wanawake wakapiga vigelegele. Mke wa mzee wa kanisa alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Sabato iliyofuata mzee huyohuyo alinisimamisha mbele ya watu.

"Dada, ni kweli umepika chang'aa?"

"Nimepika mafuta ya mashine. Hakuna aliyekunywa."

"Nimeuliza, umepika au hukupika?"

"Na wewe, ugali uliokula jana ulisagwa na nini?"

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Akatangaza kwamba nimetengwa na ushirika mpaka nitubu. Nitubu nini? Wanawake niliowasagia unga walikodolea macho sakafu, na mkewe pia.

Kesho yake vijana wa kanisa walikuja wakavunja vyungu tulivyopikia, vikiwemo vya jirani yangu, ambaye hata hakuwa muumini wao. Mashine ikanyamaza hadi barabara ilipofunguliwa.

Petroli iliporudi, mume wangu alisimama kanisani akaomba msamaha kwa niaba yetu wawili. Sikuwa nimemtuma. Nilisikia habari hiyo kisimani.

"Nilitaka yaishe," akaniambia.

"Yako yameisha," nikamjibu.

Nilimnunulia jirani yangu vyungu vipya. Kanisa lile sikulikanyaga tena. Yule mzee alipofariki, jamaa zake wakaja kuniomba nisage unga wa matanga. Niliusaga, kwa sababu si wafiwa walionitenga. Lakini kumsamehe, hapana.