Walimtoa Mwaki Kovu, Mchumba Wangu Akacheka

Admin, naomba ufiche jina na picha yangu, huku kwetu watu wanajuana hadi kwa kutembea. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, nauza kwa agrovet, duka la dawa za mifugo, hapa Chaka. Nimechumbiwa, harusi ni mwezi ujao. Niko na kovu la moto upande wa kushoto wa uso, kutoka chini ya jicho hadi shingoni. Nilikuwa mtoto wa kutambaa, sufuria ya uji ikanimwagikia. Maumivu siyakumbuki. Kile nakumbuka ni shule, vile hakuna mtu alitaka kuketi upande huo wangu.

Nikiwa form two nilipata kitabu kimoja cha hadithi za ajabu kwa maktaba ya shule. Ni ya msichana anaitwa Mwaki, anapanda mlimani kuiba moto kwa mazimwi ndiyo watu wa kijiji chake wasife na baridi. Moto unamchoma nusu ya uso. Kuanzia hapo kovu lake linawaka kila hatari ikikaribia, na jeshi lote linamfuata yeye gizani. Nilisoma hicho kitabu hadi jalada likang'oka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu wa sura kama yangu akipendwa, na si kwa kuonewa huruma.

Mchumba wangu nitamuita Mash. Ako na hardware Kiganjo. Tulijuana alipokuja dukani kununua dawa ya kuogesha ng'ombe za mama yake. Akaniangalia usoni bila kugeuza macho, akasema, "Wewe ni kama Mwaki." Chupa ilinitoka mkononi ikaanguka. Nikajua huyu ndiye. Miaka miwili sasa amekuwa akiniita hivyo.

Basi juzi kitabu kikatengenezewa filamu. Tulienda kuiona Nyeri mjini, mimi, Mash, dada yake Njeri na rafiki mmoja wa Mash. Nilivaa rinda mpya. Taa zikazimwa, Mwaki akatokea: msichana mrembo, ngozi laini kama yai. Nikajiambia bado hajachomeka, ngoja. Akaiba moto. Akatoka na majivu kidogo kwa paji la uso, akapanguza na mkono. Ikaishia hapo.

Kovu walimpatia zimwi la kike. Upande wa kushoto, hadi shingoni. Lilipojitokeza watu wote walipiga nduru, mtoto mmoja akaanza kulia. Yule rafiki akamwinamia Mash, akidhani sisikii: "Boss, si huyo ni bibi yako?"

Nikangoja Mash amnyamazishe. Mash akacheka. Akasema, "Wacha zako, wangu angalau ako na side moja safi."

Nilikaa hadi mwisho kwa sababu nilikuwa katikati ya safu, na kutoka ningepita mbele ya watu wote.

Tulipoenda kula chips nilijaribu kuongea kama mtu hajasikia kitu. Nikamuuliza Mash, "Mbona walimtoa Mwaki kovu? Si hiyo ndiyo stori yote?"

"Babe, be serious," akasema akimwaga kechapu. "Nani atalipa akaangalie sura imeungua masaa mbili?"

Nikamwambia, "Na wewe uliyesoma kitabu ndiye unasema hivyo?"

Njeri akacheka hadi akakohoa. "Huyu? Asome kitabu? Ni mimi nilimwambia aseme hiyo kitu! Si ulikuwa unapost mambo ya Mwaki kila siku? Warembo wengine wote walikuwa wamemkataa, nikamwambia ajaribu yule wa agrovet, huyo hawezi kukataa."

Mash akamwambia, "Njeri, wacha ufala." Lakini alikuwa anatabasamu.

Wiki hiyo Njeri akatengeneza stika, picha yangu ya uchumba kando ya lile zimwi, akaitupa kwa grupu ya familia yao, na mimi niko humo. Mama mkwe akaweka kicheko. Mash pia. Nilipompigia simu akasema niko na hasira za bure, ati hiyo ni filamu tu. Halafu akaongeza kwamba tutafute mtu mkali wa mekapu kwa harusi, "ndiyo mum asiaibike kwa picha."

Nilienda kwa maitu, mama yangu mzazi. Nilidhani yeye atanishika mkono. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa.

"Mwana wakwa, huyo kijana amekubali kukuoa na macho yake yote mawili. Ukimwacha utapata nani? Mimi ndiye nilikuacha na ile sufuria. Hii harusi nimeiomba miaka yote. Usininyang'anye."

Jumamosi Mash akanipeleka saluni kujaribu mekapu. Walipaka, wakapaka tena. Nilipofungua macho kovu halikuwepo. Wasichana wa saluni wakapiga makofi. Mash akapiga mluzi, akanizungusha kama nguo ya dukani, akasema, "Sasa huyu ndiye naoa."

Ningetaka kuwaambia niliinuka nikaenda zangu. Sikwenda. Nilijiangalia kwa kioo muda mrefu, na ukweli ni kwamba hata mimi nilimpenda yule msichana wa kioo kuliko ninavyojipenda mwenyewe. Nilirudi nyumbani na hiyo sura, nikakataa kuiosha, hadi maitu akanigombeza ati nitaharibu foronya.

Kadi zimeshatumwa. Mbuzi za ruracio, ile mahari, zililiwa kitambo. Mash hajui hata kama nafikiria kuacha, kila siku ananitumia picha za keki. Nyinyi mnaosoma hapa, hasa mlio kwa ndoa, niambieni: huyu mtu nikiosha uso siku ya pili ya harusi, ataniangalia aje? Niolewe tu vile maitu anataka, ama niende nimwambie mama yangu hakuna harusi? Semeni wazi, hata ikiwa ni kunitukana. Hakuna jina mtaniita ambalo sijaitwa kwa ile grupu.