Chakula ya Baba ya Kantilal

Bwana yangu Placide alikuwa mushonaji, na mashini yake ilikaa pa baraza ya magazini, duka ya Kantilal, Muhindi mumoja wa hapa Bunia. Kazi yake ya pili ilikuwa kula. Musicheke.

Kila mwaka, mu mwezi wa tisa, mwezi wa mbinguni ukianza kupungua, Wahindi wanalisha wafu wabo. Wanamupatia chakula padri wa dini yabo, mwenye hakuli nyama, anakula, marehemu anashiba. Bunia mutu wa vile hakukuwa. Placide alikuwa Mukatoliki, lakini, sawa Kantilal mwenyewe, hakukula nyama wala samaki, hakukunywa pombe, yeye juu ya tumbo yake mubaya. Kantilal akamuchagua. Miye nilisema niko tayari kusaidia.

"Mama Berthe, weye unakula nyama," akanijibu. Aka!

Na haikuwa saa yoyote. Jua ipite kwanza katikati, na mutu akule kabla haijalala. Ukichelewa, baba ya Kantilal anabaki na njaa mwaka muzima. Wafu wabo wako na saa kama avioni pa kiwanja ya ndege.

Mu 1982, siku ile ile ya chakula, tulizika mama ya Placide. Tangu mama alipofariki, Placide alikatala kula. Kantilal akafika kwetu Mudzipela na sufuria yake, akasimama inje. Kwabo, mutu wa kilio hapaswi kukula chakula ile. Lakini mwengine angemupata wapi?

"Placide, ndugu yangu, jua inalala. Baba yangu iko na njaa."

"Na mama yangu, Patron? Yeye nani atamukulia?"

Nilikasirika kabisa, nilitaka kumufukuza na sufuria yake. Kantilal akavua viatu. Mutu mwenye hakuwahi kunywa kwetu hata maji! Akakaa pa mukeka, akaniuliza marehemu alipenda nini.

"Sombe," nikamwambia.

Nikamuletea hayo majani ya muhogo. Mulikuwa ndakala, vile visamaki vidogo. Aliviona. Akakula na mukono, polepole, akamaliza. Miye nililia. Placide akamuangalia, akanawa, akafunua sufuria. Jua ilikuwa imekwisha kulala, lakini alikula.

Placide alikufa mu 1987. Mwezi wa tisa, Kantilal akakuja na sufuria mbili.

"Hii ya baba. Na hii ya Placide."

"Muzee, miye ninakula nyama."

"Ninajua, mama. Kula, jua ingali juu."

Nikanawa mikono.