Mbwa Niliyempeleka kwa Chifu

Mnicheke polepole, kwa sababu aibu hii niliitafuta mwenyewe, tena kwa miguu yangu, siku niliyoamua kumshtaki jirani yangu kwa ajili ya mbwa.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikishaosha vyombo nataka kitanda changu na kimya. Sasa huyo mbwa wa Mzee Ochola, Simba (jina kubwa, mbavu zote nje), alikuwa anabweka chini ya dirisha langu kila usiku, na nikimlalamikia mzee ananijibu, "Mbwa akinyamaza si mbwa, ni mbuzi." Nikaona dawa ni chifu amwamuru amwondoe.

Siku ya kesi nilivaa nguo ya kanisani. Watu walijaa, kila mtu na shida yake, na nilipoona wananisikiliza vizuri nikatia chumvi kidogo: nikasema huyo mbwa si kelele tu, usiku anazurura kwa watu akila kuku. (Kuku sikuwahi kuona. Niliona tu kesi ya kelele peke yake ni nyepesi.)

Nyuma yangu akasimama Mama Atieno, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja kwa mambo yake ya mpaka wa shamba.

"Kumbe ndiye. Chifu, kuku wangu wameisha. Mwenye huyo mbwa anilipe."

Nikafurahi, nikajua mzee amekwisha. Lakini Mzee Ochola hakupandisha hata sauti. "Alizaliwa kwangu, sikatai. Lakini siku hizi hali chakula changu. Nimekuja naye, amefungwa hapo nje. Mfungueni tuone ataenda kwa nani."

Chifu akasema ni sawa, huku kwetu mbwa ni wa yule anayemlisha, na hiyo haihitaji wakili.

Sasa, kuna jambo dogo sikuwa nimemwambia chifu (wala hakuniuliza). Kila Simba alipobweka nilikuwa namrushia kichwa cha samaki dirishani ili anyamaze. Na ananyamaza kweli, anakula, halafu anabweka tena aongezwe.

Simba alipofunguliwa alimpita Mzee Ochola kama anapita mti, akaipita meza ya chifu, akaja moja kwa moja kuweka miguu yake ya matope mapajani mwangu, juu ya nguo ya kanisani, akaanza kunilamba mkono. Nikamsukuma, "Toka, sikujui." Akajilaza chali, tumbo juu, akingoja nimkune. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje.

"Nyar Lambwe," chifu akaniita (yaani binti wa Lambwe; nimeolewa hapa Uriri kutoka huko, jina langu lingine walishalisahau), "na wewe mwenyewe umetuambia anakula kuku."

Basi nilienda mlalamishi nikarudi mshtakiwa, nina deni la kuku kwa Mama Atieno na mbwa ni wangu. Nimeapa, hata paa la nyumba likianza kubweka, mimi nitavuta blanketi tu.

Tulirudi njia moja, mimi mbele, Simba nyuma yangu, na Mzee Ochola akitufuata na kamba tupu mkononi. Kwenye lango lake akasimama.

"Nyar Lambwe, akibweka leo usiku, mimi pia njia ya kwa chifu naijua."