Mikono ya Simba-Mtu

Mwezi uliopita wajukuu wangu waliweka filamu ya zamani kwenye runinga, wakaniita nikacheke nao. Niliitambua kabla sijakaa. Ni ya Wazungu, haina rangi, inamhusu fundi saa mpole ambaye giza likiingia huota nywele mikononi, hugeuka mnyama na kwenda kuua majirani zake.

"Bibi, hizo nywele ni katani wamebandika," mmoja aliniambia.

Kweli zilikuwa kama katani, na kingo za gundi zilionekana. Nilicheka kidogo nisije nikawaharibia raha yao, kisha nikainuka kwenda kuangalia kama mlango wa jikoni umekomewa. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua linawaka.

Mara ya kwanza niliiona nikiwa na mtoto mgongoni, katika kijiji cha ujamaa upande wa Sepuka. Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamishwa. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na jirani yako wa ukuta kwa ukuta alikuwa mtu uliyezoea kumwona misibani tu. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Mama yake alikaa nasi, na nyumba ilikuwa na vyumba viwili: kimoja chetu, kingine chake pamoja na mbuzi.

Gari la sinema lilipokuja tulijua tutaonyeshwa majosho ya ng'ombe na jinsi ya kuchimba choo. Tulionyeshwa hayo kwanza. Kisha yule mpiga sinema, sijui alitaka kutufurahisha au alichoka na vyoo, akaweka hiyo ya fundi saa. Kiingereza hakuna aliyekijua isipokuwa mume wangu, na wazee wengi hata Kiswahili walikisikia kwa shida. Mwenyekiti wa kijiji akampa mwalimu kipaza sauti, aeleze kwa Kinyaturu.

Mume wangu alipenda kusifiwa, Mungu amrehemu. Alisimulia kama tunavyosimuliana hadithi kando ya moto, ambapo msimulizi huwa ndiye fisi, ndiye sungura, ndiye kila mtu. Basi akawa yule fundi saa. Alilia, akaomba afungwe kamba kabla hajaua mtu, akanguruma ndani ya kile kipaza sauti mpaka ng'ombe wakajibu zizini. Pale kwenye kitambaa cheupe walipoonyesha mikono inaota nywele, naye alikunja shati na kuinua mikono yake kwenye mwanga. Alikuwa na malaika nyingi mikononi, zile nywele za mwilini, tangu ujana.

Hakuna aliyecheka. Mtoto wangu alilia, na kwa mara ya kwanza niliona wanawake wakijitenga nami.

Sisi hatukumjulia simba-mtu kwenye sinema. Enzi za mkoloni watu wa kwetu waliuawa mashambani, wengi, na ikasemekana wauaji si simba bali ni watu waliofichwa ndani ya nyumba, wakavunjwa vifundo vya mikono ili watembee kama wenye miguu minne, wakavishwa ngozi za simba. Mama mkwe wangu alimpoteza dada yake hivyo, kwenye mtama. Yeye ndiye aliyeokota kanga yake.

Siku chache baada ya gari kuondoka, ndama alikutwa ameraruliwa nyuma ya shule. Mimi nilisema fisi, kwa sauti, kisimani, na wenzangu wakajitwika ndoo zao. Asubuhi iliyofuata mume wangu alimwamkia mzee mmoja shikamoo. Yule mzee alimtazama mikono, akapita bila kuitikia. Nilimwona mume wangu amesimama njiani na chaki zake, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu hasa. Mtu asiyeitikiwa shikamoo ameshahukumiwa.

Walikuja jioni, wanaume, na mikuki yao, wakasimama uani. Yule mzee ndiye aliyesema.

"Mwalimu, usiku wa ndama ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala, mzee wangu."

"Ulituambia wewe mwenyewe kwamba ukigeuka hujui unachofanya."

Mume wangu angewaambia nini, kwamba ilikuwa sinema? Walikuwa wameiona kwa macho yao. Nikaketi chini na mtoto wangu.

Mama mkwe akatoka na kibatari. Akamshika mwanae mikono, akaigeuza kwenye mwanga mbele yao, akavibonyeza vifundo kimoja baada ya kingine.

"Hii nimeiogesha mimi," alisema. "Vifundo vizima. Anayeona kovu aseme."

Yule mzee alisogea akavipapasa mwenyewe. Kisha akaondoka, na wengine wakamfuata.

Usiku ule mama mkwe alihamisha ngozi yake ya kulalia. Mume wangu alituachia chumba chetu mimi na mtoto, akalala upande wa mbuzi kwa sababu nilishtuka kila aliponigusa, na mama yake akajilaza kwenye mlango wa kati ya vyumba viwili, mundu kichwani pake. Alilala hapo mpaka mvua zilipokuja. Nilijua anamlinda mwanae, watu wakirudi na mikuki wamkute yeye kwanza kabla ya kumfikia. Nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumpenda mama yangu.

Miaka mingi ikapita. Mume wangu hakukunja tena shati, hata kwenye joto la kiangazi, na simulizi aliacha kabisa. Mama mkwe alipougua ugonjwa wake wa mwisho niliona nimshukuru wakati bado ananisikia. Nikamkumbusha mlango ule na mundu ule. Nikamwambia, mama, ulimwokoa mwanao.

Alitikisa kichwa.

"Wale nilishamalizana nao uani," alisema. "Pale mlangoni nilikuwa nakulinda wewe na mtoto. Nilisema moyoni, kama mwanangu ndiye, aanze na mimi."

Nilimuuliza kama bado anamwogopa. Aligeuza macho kule uani. Mwanae alikuwa huko, mikono ya shati imefungwa vifungo mpaka viganjani, anamkorogea uji.