Alichokataa Kukitaja Bibi Bhoke

Harufu ya magugu mabichi na udongo uliolowa ndiyo inayonirudisha kwenye msimu ule wa palizi kijijini kwetu Gorong'a. Tulipalilia wimbi, yaani ulezi, mimi na Bibi Bhoke, mama yake baba, tukiwa tumechuchumaa, maana kuna gugu linalofanana mno na wimbi na ukisimama huwezi kuvitofautisha. Asubuhi moja mkono wake ukatulia kwenye magugu. Nilimwita, hakuitika. Alipogeuka hatimaye, machozi yalikuwa yanamtiririka, akaniambia taratibu kwamba kwa muda hakukuwa na wimbi wala yeye mwenyewe, na hakuna kilichopungua. Akamsimulia mama vilevile, na kabla ya jioni majirani wote walikuwa na habari.

Wazee wa ukoo walisema ni mizimu ya kwao, achinjwe mbuzi. Mchungaji wetu, mgeni wa mkoa mwingine, alifurahi akataka ushuhuda Jumapili.

"Sema tu ulimwona Yesu, mama. Watu wataokoka."

"Sikuona mtu, mchungaji. Yesu sikuona, mizimu sikuona. Nikisema niliona, nitadanganya kanisani."

Mbuzi wa wazee pia Bibi akamkataa. Basi mchungaji akamtenga na meza ya Bwana, asipokee ushirika mtakatifu mpaka akiri kwamba alimwona Yesu, na kwetu kila mtu alijua kwamba aliyetengwa hazikwi na kanisa. Baba alimbembeleza akiri, mpaka baba mwenyewe akakasirika. Aliyemsikiliza ni nesi Zuhura wa zahanati, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga.

"Shikamoo, bibi. Babu yangu alikuwa hivyo kwenye dhikiri. Jina la Mungu linamjaa mpaka anajisahau."

Bibi alimshika mkono, akacheka kidogo. "Mimi hata jina halikuwepo, mwanangu."

Zuhura akaendelea kumpima presha.

Leo nafundisha falsafa ya dini, na mada hii inanichosha kila mwaka. Wapo wanaodai kwamba Mkristo, sufi wa Kiislamu na Mhindu hufika mahali pamoja, wakatofautiana maneno tu wanaporudi. Wengine wanasema hakuna anayefika bila chochote kichwani, kila mmoja hukuta kile alichofundishwa kukitarajia. Ningewapa Bibi, wangemgombea kama alivyogombewa Gorong'a. Kanisa letu sasa lina bati jipya na vipaza sauti, na watu hushuhudia kwa foleni huku wakirekodiwa kwa simu, kila mmoja akijua vizuri kabisa alimwona nani. Nawasikiliza nikienda likizo, nachoka zaidi.

Juzi mwanafunzi aliniuliza mimi nafuata nadharia ipi. Nilimwambia asome zote. Kusema kweli sijui, na hamu ya kujua imeniisha. Ninachojua ni kwamba jina moja tu lingemrudisha Bibi mezani, na hakulitaja hadi alipokufa. Tulimzika wenyewe, bila mchungaji wala kwaya. Baba alianzisha wimbo, akashindwa kuumaliza.