Mjane Asiyetakiwa Kutembelewa

Jengo letu la Thorncliffe Park, hapa Toronto, lilikuwa na lifti mbili, na kwa kawaida moja ilikuwa mbovu. Ndani ya ile nzima ndimo nilimofahamiana na mwandishi. Alikuwa bibi wa Kiingereza, mwembamba, mwenye koti la sufu ambalo hakulivua hata kwenye joto la Julai la huku, na siku hiyo lifti ilikwama tukiwa wawili tu ndani. Mimi nilianza kumwomba Mungu kwa sauti. Yeye akaniuliza kama huwa nasoma vitabu. Nikasema nasoma. Akaniambia ameandika vingi, riwaya na tamthilia, na kwamba hakuna hata kimoja kinachochapishwa tena. Alisema hivyo kama mtu anayekutajia namba ya viatu vyake.

Nikaazima riwaya zake. Nitasema ukweli, maana bibi ameshatangulia, na hata angekuwepo angetaka niuseme: zilinitesa. Watu wake wanaishi katika nyumba za baridi, wanapendana wasiambiane, wanakosana wasigombane, na wanakunywa chai kurasa nzima bila kitafunio. Siku moja nilimuuliza kwa nini yule binti wa riwaya ya pili hamwambii mama yake kwamba ameumia. "Kwa sababu mama yake anajua," alijibu, akanitazama kwa huruma. Hata hivyo nilizimaliza zote, na moja ilinitoa machozi, nikajikasirikia mwenyewe.

Tamthilia zake ziliwahi kuchezwa London alipokuwa kijana. Kisha akaolewa na mhandisi wa Kanada, akamfuata Toronto, ambako hakuna aliyemjua. Mumewe alifariki miaka mingi kabla sijafika huku. Baada ya mazishi alirudi nyumbani, akapanga vikombe, akakata keki, akangoja watu. Hakuja mtu. Majirani walimpenda, tena sana, ila waliona ni adabu kumpa nafasi. "Hawakutaka kunisumbua," aliniambia, na alikuwa akiwatetea.

Kutokana na mchana ule akaandika tamthilia yake ya mwisho. Mjane anapanga vikombe, anangoja, anazungumza na viti, kisha anaosha vikombe ambavyo hakuna aliyevichafua. Basi, imekwisha. Ukumbi mmoja hapa mjini uliwahi kuicheza, na mwongozaji, kwa kuwahurumia watazamaji, akaongeza kengele ya mlango mwishoni na jirani mwenye maua. Kengele ilipolia, Bibi alisimama akatoka zake. Tangu hapo hakumruhusu mtu yeyote kuigusa.

Sasa, sisi watu wa Kiswahili tulikuwa na jioni yetu kila mwaka, katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Ilikuwa kwa ajili ya watoto, wale ambao unawasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, angalau waisikie lugha kutoka kwa mtu ambaye hawakaripii. Mwaka ule hatukuwa na mchezo. Mdomo wangu haujui kutulia, nikasema namfahamu mtunzi, mchezo nitautafsiri mwenyewe, na mjane nitakuwa mimi.

Bibi alikubali kwa sharti moja. Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, hata ndani ya lifti iliyokwama.

"Asije mtu," alisema. "Ule mchana ndio kitu pekee nilichokiandika bila kudanganya hata kidogo. Akiingia mtu mmoja, mmenifanya mwongo."

Nikamwapia. Nilimaanisha kabisa, hata mlango sikuuweka jukwaani, asije mtu akashawishika kuugonga.

Nilichosahau ni watu wangu.

Jioni hiyo Bibi alikaa mstari wa mbele na koti lake. Nikaingia kwa nguo nyeusi, nikapanga vikombe, nikaketi kwenye kiti cha mjane. Mwanzoni ukumbi ulitulia vizuri. Kisha nikafika kwenye ule ukimya mrefu ambao Bibi alinifundisha jikoni kwake kwa wiki kadhaa, nikasikia mtu akisema, "Woiye." Mwingine akauliza, tena hakunong'ona, "Kwani huyu hana watu?"

"Ndugu wa mume wako wapi?" akadakia wa tatu.

Nikaendelea na ukimya wa mjane. Mama mmoja nesi, aliyeendesha gari kutoka mji wa Pickering akiwa na chupa kubwa za chai na sufuria la mandazi kwa ajili ya mapumziko, akasimama. Akajifunga kanga kiunoni. Nilipoona ile kanga nilijua nimekwisha. Akapanda jukwaani, akavua viatu, akaketi sakafuni karibu na miguu yangu.

"Pole, dada," akasema.

"Mama, huu ni mchezo," nikamnong'oneza bila kufungua meno. "Rudi ukakae."

"Najua ni mchezo. Wewe endelea na acting yako, mimi nakaa tu na wewe."

Kumbe alikuwa amewafungulia wenzake njia. Wakapanda mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Mama wa Kikongo akaanzisha wimbo wa msiba. Mwingine alichungulia vikombe vyangu, akavikuta vitupu, akavijaza chai ya tangawizi. Wanaume nao wakaja, wakasimama pembeni mikono nyuma, wakaanza kuzungumzia mpira kama wafanyavyo kwenye kila msiba. Binti yangu aliniita kutoka kitini kwake, kwa Kiingereza, kunijulisha kwamba hayo hayamo kwenye mchezo.

Nami bado nilikuwa na maneno ya mwisho, na niliapa nisibadilishe hata moja. Basi nikasimama katikati ya umati ule, mkononi nina andazi ambalo sijui lilifikaje, nikatamka kwa huzuni yote niliyofundishwa: "Hakuna aliyekuja."

"Haya tena!" akasema nesi. "Na sisi ni nani?"

Ukumbi ulicheka mpaka watu wakashika mbavu. Bibi alikuwa ameshasimama. Nilijua anatoka, na niliumia, kwa sababu nilimpenda yule bibi na nilikuwa nimemharibia mara ya pili kitu ambacho wengine walishamharibia. Lakini hakuelekea mlangoni. Alikuja kwenye ngazi za jukwaa.

"Inuka, mpishe bibi kiti," nesi akaniamuru.

Wakamketisha, wakampa kikombe. Na kwa kuwa kiti kile kilikuwa cha mfiwa, waliokuwa bado wanapanda wakampa mkono yeye. Pole, bibi. Pole sana, bibi. Akanivuta karibu.

"Nani amewaambia habari zangu?"

"Hakuna aliyewaambia. Wameona mjane yuko peke yake."

Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatisha.

"Walikuwa wapi siku ile?" aliuliza, kwa hasira ya wazi ambayo hakuna mtu yeyote katika riwaya zake aliyewahi kuruhusiwa kuwa nayo.

Nesi, ambaye hutumia Kiingereza kazini kila siku, alinijibia kwa Kiswahili huku akimimina chai.

"Mwambie tulikuwa bado tunangoja viza."

Nikamtafsiria. Bibi alicheka mpaka chai ikamwagikia koti, kisha akalia, kwa sauti, mbele za watu, na hakuna hata mmoja aliyempa nafasi.