AC inayompenda mke mwenzangu

Jamani, leo nimemshtaki mume wangu gereji.

Zamu yangu ikifika, AC ya gari inapuliza moto. Nnakaa Jang'ombe. Mpaka tufike Darajani, wanja ushanifika shavuni.

Mke mwenzangu anakaa Chwaka. Juzi kaweka status, yumo garini kajifunika shali. Eti baridi imemzidi.

Baridi. Gari ile ile.

Nikasema basi, kuna kitufe mume wangu anambonyezea mwenzangu, kwangu anakiacha. Leo anatoka Chwaka, sikumngoja nyumbani, nimemwita moja kwa moja kwa fundi tukakutana huko. "Fundi, nitafutie hicho kitufe."

Fundi kapima gesi, imejaa. Kompresa inafanya kazi. Kainama mbele ya boneti, kisha akaniuliza, "Bibie, moto unakuja gari ikisimama au ikikimbia?"

Nikamwambia zamu yangu gari haikimbii, ni foleni mwanzo mwisho.

"Basi feni ya mbele imekufa. Njia ya Chwaka gari inakimbia, upepo unafanya kazi ya feni. Huku mjini mnasimama simama, AC haipozwi. Bwana hana kosa."

Mume wangu alitazama juu tu, kama mtu aliyeshinda kesi.

Feni mpya ikafungwa. Nikaingia garini, baridi safi, nshaanza kutafuta maneno ya kumtaka radhi.

Nikaegemea. Nikajikuta natazama dari.

Kiti changu kimelazwa mpaka mwisho, na mimi siku zote nakaa wima.

Haya, niambieni nyinyi. Na hiyo pia ni feni?